Sange, Ngiri na Uyoga wa Mabua

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa ghala lililojaa na chungu kilicho kitupu!

Basi, palikuwa na Sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, mjane aliyekuwa na watoto wawili. Katika bonde alilokaa aliishi pia Ngiri, ambaye kila mavuno alikuja, kru! kru!, akabeba mtama wa bonde zima na kuutia ghalani mwake. Sange aliachiwa mabua.

Kwa kuwa hakuwa na kingine, alianza na hayo mabua. Aliyakata, kacha-kacha, akayachemsha, toko-toko, yalipopoa, akayashindilia mifukoni pamoja na mbegu ya uyoga, akaitundika mifuko kibandani. Uyoga ukachipua, mweupe, mnene. Kabla chungu hakijainjikwa, kru! kru!, Ngiri akaula wote. Ukachipua tena, kru! kru!, akaula tena. Mtoto mdogo wa Sange akafika mahali pa kutoweza hata kulia kwa njaa.

"Bwana Mkubwa," Sange alisema siku moja, "mabua ni takataka tu. Laiti ningekuwa na mtama wa kuoteshea uyoga!"

Ngiri akasimamisha masikio. "Mabua hutoa kikapu kimoja. Mtama una utamu mara kumi ya mabua. Kwa hiyo…"

"Hesabu ni yako, Bwana Mkubwa."

"Vikapu kumi kwa kila mfuko! Na kuchemsha je?"

"Mimi huchemsha kwa sababu mabua yangu ni machafu. Labda na mtama wako…"

"Koma, we kibibi! Mtama wangu una uchafu gani?"

Ngiri akamwaga mtama wa ghala zima mifukoni, akaulowesha kwa maji ya dimbwini, akatia mbegu ya uyoga aliyomnyang'anya Sange. Naye Sange alikuwa na hesabu yake moyoni: Ngiri atashindwa, atahama, na punje zitakazosalia zitatosha kupanda.

Mifuko ikapata joto. Ikavimba. Pwaa! Ikapasuka, imejaa ukungu wa kijani unaonuka. Ngiri, kwa uchoyo, akaula hata huo. Tumbo likamchafuka, akalikimbia bonde asirudi.

Watoto wakapiga vigelegele. Sange akafungua mfuko wa kwanza kutafuta punje nzima. Akafungua wa pili. Akafungua hadi wa mwisho. Mtama wote ulikuwa uji wa kijani.

Nje mvua ya kupandia ikaanza, cho-cho-cho.

"Mama, tumemshinda?"

"Tumemshinda, mwanangu."

Sange akayatazama mabua yaliyobaki kibandani. Uyoga hutoka kwenye mabua. Mabua hutoka kwenye mtama. Mtama hutoka kwenye punje. Akaipiga hesabu hiyo kutoka mwanzo, akaipiga kutoka mwisho. Kisha akainjika chungu kitupu.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi niliyeipika. Na funzo lake, watoto, ni hili: ujanja hushibisha. Haya, nendeni mkalale, wala msiulize kesho mtakula nini.