Chui Aliyeiba Rasimu za Bi Pimbi

Wa mbele mpo?
— Tupo!
Wa nyuma mmeshiba?
— Kidogo!
Niseme au nikalale?
— Sema! Ukilala tunakuamsha!

Haya. Alikuwapo Pimbi. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene, hana mkia, anakaa kwenye nyufa za mawe. Huyu wetu alikuwa mama mwenye watoto, wote wakimwita Bi Pimbi, na mwamba wake ulikuwa na ufa mzuri kuliko nyufa zote za nchi ile. Mvua haiingii, jua halichomi. Na Bi Pimbi alikuwa na blogu.

Ndiyo, blogu. Wanyama wa zama zile walikuwa na simu. Msiniulize bando walinunua wapi, mimi sikuwa wakala wao.

Blogu yenyewe ilikuwa na machapisho mawili tu. La kwanza lilisema, "Karibuni kwenye blogu yangu, nitaandika kila wiki." La pili lilisema, "Samahanini wapenzi wasomaji kwa ukimya, sasa nimerudi rasmi." Baada ya hapo, kimya. Si kwamba alikuwa haandiki! Anaandika kweli kweli. Asubuhi anapata wazo, moyo du-du-du, anakaa juu ya jiwe, vidole ti-ti-ti-ti. Anaanza vizuri, anafika katikati, wazo jingine linapita. Anaacha. Inaingia kwenye rasimu. Kesho anapata wazo, ti-ti-ti-ti, anafika katikati, anaacha. Inaingia kwenye rasimu. Simu ikajaa rasimu mpaka ikawa inapata moto. Wewe hapo usicheke. Toa yako tuione.

Siku moja, mawingu ya masika yakianza kukusanyika, akaja Chui. Puu! Akatua juu ya mwamba.

"Toka," akasema.

"Shikamoo, Bwana Chui," akasema Bi Pimbi. "Nitoke niende wapi?"

"Hilo si juu yangu. Mvua inakuja na mimi sipendi kulowa. Kuanzia leo mwamba huu ni wangu. Shukuru nimeshiba swala, la sivyo na wewe ungekuwa wangu."

Bi Pimbi akawakusanya watoto. Kisha akasema, "Nyumba chukua, Bwana Chui. Ila simu niachie. Ina rasimu zangu."

"Rasimu ndiyo nini?"

"Hadithi. Lakini usiziguse, nakusihi, hazijaiva!"

Chui akawaza. Huyu nyumba ananiachia, halafu analilia rasimu? Basi rasimu ni nono kuliko nyumba. "Lete!" akanguruma. Akainyakua simu, nyaku! Bi Pimbi akalia hu-hu-hu. Ila aliyemtazama vizuri angeona analia kwa jicho moja.

Chui akafungua rasimu ya kwanza. Ilisema hivi:

"Kobe aliliacha gamba lake nyumbani akaenda kuoga mtoni. Aliporudi, akakuta gamba limeketi mezani, linakula ugali wake. Kichwa kikachomoza ndani ya gamba, kikamwambia: Karibu, umechelewa."

Basi. Hapo ndipo Bi Pimbi alipoacha. Chui akafuta jina la Pimbi, akaandika "Na Chui, Mwandishi Mkuu," na chini kabisa akaongeza neno moja: "Itaendelea." Akaiachia hewani.

Msitu mzima ting! Ting! Ting! Tembo akasoma, masikio yakasimama. Nyati akasoma, majani yakamdondoka mdomoni. "Jamani, nani yumo ndani ya gamba?" Kila mmoja anamuuliza mwenzake. Chui akazisoma sifa zake, akajilamba. Akataka nyingine. Akatoa ya Kunguru aliyepigiwa simu na yeye mwenyewe. Itaendelea. Akatoa ya mto ulioamka asubuhi ukakuta maji yamehama. Itaendelea. Akatoa, akatoa, akatoa. Itaendelea, itaendelea, itaendelea!

Na Bi Pimbi je? Bi Pimbi yuko chini ya kichaka na wanawe. Mvua chururu, chururu. Mtoto wake mdogo anakohoa, kho, kho.

"Mama, tunarudi lini nyumbani?"

"Subirini kwanza wamsome Chui," akasema, akamfunika kwa kifua chake. Hapo moyo ulimuuma kweli, siwatanii. Usiku na mchana aliiombea mvua ikatike, na mvua haikukatika.

Huko msituni wasomaji wakachoka kusubiri. "Mwandishi Mkuu, malizia ya Kobe!" Chui akakuna kichwa. Akaandika: "Kisha akatokea Chui, akamla Kobe, akala na ugali. Mwisho." Wakaguna. "Haya, malizia ya Kunguru!" Akaandika: "Kisha akatokea Chui, akamla Kunguru, akala na simu. Mwisho." Wakazomea. Ya mto akamalizia kwamba akatokea Chui, akakuta maji yamehama, akala samaki.

Wakaja wenyewe. Gudu, gudu, gudu! Tembo mbele, Nyati nyuma yake, Kiboko anahema, na kila mwenye kwato na asiye na kwato. Wakauzunguka mwamba.

"Mwandishi, toka nje!" akanguruma Nyati.

Chui akatokea, tabasamu hadi masikioni. "Wasomaji wangu! Mwandishi hapangiwi."

"Hapangiwi, ila pembe anapigwa," akasema Nyati.

Hapo Bi Pimbi akajipenyeza katikati ya miguu ya wakubwa, manyoya yamelowa chapachapa. Akapanda kwenye jiwe dogo.

"Shikamoo, Bwana Chui. Kitendawili!"

Na nyinyi mnajua. Ukiambiwa kitendawili, mdomo unajibu wenyewe, haukungoji wewe. "Tega!" akasema Chui.

"Kaliacha gamba, karudi kakuta limekaliwa, kaambiwa karibu umechelewa. Aliyemo ndani ni nani?"

Chui akafikiri. Akafikiri tena. Akafungua mdomo, "Ni Ch—"

"Usituambie Chui tena!" wote wakapiga kelele. "Tumechoka!"

Akafunga mdomo. "Basi sijui."

"Toa mji!" akasema Bi Pimbi.

"Toa mji!" wakaitikia wote. Maana ndivyo inavyochezwa: ukishindwa kitendawili, unatoa mji. Mji wa mdomoni tu, hakuna anayekuja kudai funguo.

"Nakupa Tanga," akasema Chui.

"Tanga nimeshapewa na Digidigi."

"Nakupa Tabora."

"Mbali, nina watoto wadogo."

"Nakupa mtoni kule."

"Mtoni kwa nani?" akauliza Kiboko, taratibu sana.

Chui jasho likamtoka. Nyati anaparura ardhi, kwaru, kwaru. "Aa! Chukua huu mwamba basi, unipumzishe!"

"Kapata mji!" wakashangilia.

"Nimeupokea," akasema Bi Pimbi. Na kwa kuwa aliyepewa mji lazima asimulie alivyofika huko kabla ya kutoa jibu, akasimulia. "Nilikwenda mji wangu wa Mwambani. Nikapokelewa vizuri, nikanawa, nikala, nikashiba. Nikasema niingie ndani nipumzike. Nikakuta mtu amelala nyumbani kwangu. Simu yangu mkononi. Hadithi zangu mdomoni. Nikapiga hodi. Akanitazama, akaniambia: Karibu, umechelewa."

Tembo akaugeuza mkonga polepole kuelekea kwa Chui.

"Na jibu?" akauliza Nyati.

"Jibu ndilo hilo hilo. Aliyemo ndani ya gamba ni Chui."

"Si ndivyo nilivyotaka kusema!" akalia Chui. "Mmenikataza wenyewe! Na ule mji ulikuwa wa mdomoni tu!"

"Sisi tumeusikia kwa masikio," akasema Tembo, na masikio ya Tembo mnayajua. Nyati akainamisha kichwa. Puu! Chui akaruka kutoka mwambani, akaangukia matopeni, pwaa, akakimbia na mvua nyuma yake. Simu ikabaki juu ya jiwe.

Watoto wakaingia ndani mbio. Pakavu! Mdogo akalala hapo hapo, kikohozi kikatulia. Bi Pimbi akamtazama mpaka akaridhika, ndipo akakaa na simu yake. Kwa mara ya kwanza maishani hadithi yake ilikuwa na mwisho, na mwisho mtamu. Akafungua, ti-ti-ti-ti, akaandika, "Aliyekuwamo ndani ya gamba alikuwa..." Kumbe kuna wazo linapita: Chui anayekimbia mpaka madoa yake yanabaki nyuma. Moyo du-du-du. Akaanza hiyo. Akafika katikati.

Mimi nimeitua hapa. Aliyeisikia aende nayo kwao, aliyesinzia asiniombe nirudie.

Mafunzo? Mnataka na mafunzo? Haya, sikilizeni vizuri. Wanangu, ukianza jambo, limalize. Mtazameni Pimbi. Angekuwa na bidii, akamaliza hadithi zake zote, Chui angeiba hadithi nzima nzima, angesifiwa hadi leo, na watoto wa Pimbi wangekuwa bado wanakohoa chini ya kichaka.

Kwa hiyo malizeni!