Feni ya Radi juu ya Kimondo

Hapo zamani, zamani ya jana na juzi, maduka mawili ya kompyuta yalitazamana. Bi Mwatime aliuza prosesa za Radi, yaani ubongo wa kompyuta. Bi Saumu aliuza za Kimondo. Huyu akisema, "Radi ndiyo mbio!" yule hujibu, "Mbio za kwenda kuungua!"

Ikafika siku ya kumpa jina binti wa Riziki. Baba wa mtoto, Makame, alikuwa kazini nchi ya theluji, na siku hiyo ndiyo angemwona mwanawe mara ya kwanza, kwenye kompyuta. Wageni wamejaa, pilau linanukia, mara kompyuta ikazima. Prosesa yake ya Radi imeungua.

Riziki hakuzoea kusema mbele za watu. Siku hiyo alisema: "Atakayemwonyesha Makame mwanawe, ndiye atakayempa jina."

Mwatime akaja mbio na Radi mpya. Haikuingia! Pini zake hazikulingana na bodi ya Radi ya zamani, ule ubao unaobeba prosesa.

"Shoga, Radi inamkana Radi mwenzake!" Saumu akacheka.

Akaleta Kimondo na bodi yake. Ikawaka. Kimondo kilitengenezwa kifuate amri zilezile walizotunga watu wa Radi, hivyo programu zote zikafunguka. Vigelegele! Kisha ikapata moto, ikazima. Saumu hakuwa na feni ya kuipoza.

Riziki akamkumbatia mtoto, machozi yakimlengalenga. Mwatime alimtazama, akanuna, akatoa feni ya Radi. "Haya, chukueni. Si kwa ajili yako, Saumu."

Feni nayo ikakataa kukaa. Ndipo Mbaruku, fundi aliyekuwa miongoni mwa wageni, akakata bati la kopo la maziwa, akalitoboa, akaifunga feni ya Radi juu ya Kimondo.

Makame akatokea kwenye kioo cha kompyuta. "Jamani! Pua yangu hiyo!" Mtoto akapiga mwayo, nyumba ikalipuka kwa kicheko.

"Ataitwa Mwatime," alisema Mwatime. "Bila amri za Radi, Kimondo ni bubu. Na feni ni yangu."

"Wee! Kilichofanya kazi ni Kimondo," alisema Saumu. "Ataitwa Saumu."

"Ninyi mngali mnagombana mpaka sasa," alisema Mbaruku. "Mimi ndiye niliyewapatanisha. Ataitwa Amani."

"Mke wangu," Makame akauliza, "nimwiteje mwanangu?"

Wote wakamgeukia Riziki. Nanyi mnaosikiliza, mngekuwa yeye, mngempa nani haki ya kutoa jina?