Njuga ya Bibi Ngiri

Nianze?

— Anza.

Mtanifuata?

— Nyayo kwa nyayo.

Basi tulieni. Na wewe uliye mlangoni, kaa chini, unanitia kiherehere, na hadithi yenyewe tayari haina utulivu.

Hapo zamani za kale palikuwa na Bibi Ngiri, binti yake aliyeitwa Mama Kidawa, na Kidawa mwenyewe, mtoto aliyeanza juzi tu kutoka shimoni.

Nyumba ile ilikuwa na njuga moja ya chuma. Mnajua ngiri anavyokula: hupiga magoti, pua chini, haoni mbele wala nyuma. Kwa hiyo mtoto akianza kutoka shimoni hufungwa njuga mguuni, mama ale huku akimsikia. Mama yake Bibi Ngiri aliivaa. Bibi Ngiri aliivaa. Mama Kidawa aliivaa. Sasa ilikuwa zamu ya Kidawa.

Siku ya kwanza Kidawa akasema, "Bibi, nifunge njuga yangu."

"Mguu wako mwembamba, mke mwenzangu. Itachopoka."

Bibi akaitikisa njuga, chele chele chele, kuhakikisha bado inalia. Akaifukia kwenye kichuguu. Akala majani mawili, akaenda kuitazama. Akala mengine mawili, akaenda tena.

Siku ya pili Kidawa akasema, "Bibi, nifunge njuga yangu."

"Mvua inakuja. Itashika kutu."

Akaifukua, akaitikisa, chele chele chele, akaifukia chini ya mzizi wa mgunga. Akajilaza, akainuka. Akajilaza, akainuka. Ngiri mzima alikonda kwa kulinda chuma.

Siku ya tatu Mama Kidawa akashindwa kunyamaza.

"Mama, mtoto anatembea kimya. Nikiinama kula, moyo unanienda mbio. Mfunge."

"Akiipoteza, nitawaambia nini waliotangulia?"

"Na akipotea yeye?"

Bibi Ngiri akaenda kuihamisha njuga tena, chele chele chele, karibu na mlango wa shimo. Halafu akairudisha kichuguuni. Halafu akaitoa.

Sasa, Fisi alikuwa akisikiliza vichakani. Akajisemea, "Watoto wote wa ngiri wanalia njuga. Huyu halii. Basi hana mwenyewe."

Siku ya nne Mama Kidawa alipoinama, Fisi akamnong'oneza mtoto, "Mjukuu wangu, bibi yako kanituma. Njuga yako iko kwangu. Twende nikufunge."

Kidawa akafurahi, akamfuata. Hakuna aliyesikia chochote, maana hapakuwa na cha kusikia.

Mama Kidawa akainua kichwa. Mtoto hayupo. Akaita, kimya. Akaita tena, kimya. Akazunguka nyasini huku na huku, nyasi zenyewe ndefu, hajui aanzie wapi.

Bibi Ngiri akakimbilia njuga. Mtoto huyu ataijua sauti yake, alijiambia, ameitamani siku tatu nzima. Akafukua kichuguu: hamna. Akafukua mzizi wa mgunga: hamna. Alikuwa ameihamisha mara nyingi mno, hata mwenyewe hakukumbuka. Akafukua mlangoni, pua ikatoka damu. Ikaonekana. Akaitundika kwenye jino lake kubwa, akatimua mbio porini, chele chele chele.

Kidawa alikuwa amefika mlangoni kwa Fisi. Akasimama.

"Babu Fisi, umesema njuga iko kwako. Mbona inalia kule?"

"Hiyo ni ya mtoto mwingine. Ingia."

"Kwetu iko moja tu, na sauti yake naijua," akasema Kidawa, akageuka, akakimbilia sauti.

Fisi akaruka, meno yakauma vumbi. Alipoinuka akakutana na Bibi Ngiri uso kwa uso, na meno yake yale mnayajua. Fisi akaingia shimoni kwake, hakutoka siku mbili.

Bibi Ngiri akamfunga mjukuu wake njuga palepale. Alilia, hakuficha. Fundo likamshinda, akafunga mara ya pili.

Mwezi haukuisha, njuga ikapotea matopeni. Kidawa akarudi nyumbani kichwa chini, anangoja kugombezwa. Bibi Ngiri akamtazama: miguu minne, masikio mawili, mkia mmoja.

"Vyote vipo," akasema. "Sasa njuga hatuna. Ukikimbia nyasini, inua huo mkia juu, nikuone."

Kidawa akauinua. Mama yake akauinua. Bibi naye, na uzee wake wote, akauinua. Mpaka leo ngiri wakikimbia, mikia iko juu, mama mbele, watoto nyuma.

Funzo lake: kitu cha ukoo mpe mtoto akitumie angali mtoto. Kikipotea, kimepotea kazini.

Hadithi yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiifukie.