Mlango wa Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na spana moja, nati mbili na gari lisilo na mwenyewe.
Mwenyewe huja likishawaka!

"Gari ni langu," alisema Kiboko.

"Lilikuwa lako," alisema Pimbi.

"Soma mlangoni. Pameandikwa nini?"

"Pameandikwa Kiboko, mzee."

"Basi shuka, panya usiye na mkia."

Gari hilo Kiboko alilitupa kichakani miaka mitatu nyuma. Kutu ilikuwa imelitafuna, na injini alishaiuza mwenyewe. Pimbi akaliokota. Hakuwa na fedha, alikuwa na nyundo. Kila jioni akitoka shambani, ko-ko-ko. Kila jioni, ko-ko-ko. Wanyama wakamcheka. Leo asubuhi likawaka, brrrum, na Kiboko akatoka mtoni mbio, maana kesho Nyati anamwoza binti yake, na Kiboko alitaka aonekane akishuka garini.

Pimbi akaona miaka mitatu inaondoka. Kupigana na Kiboko hawezi. Akashuka, akamfungulia mlango kwa adabu.

"Chukua, mzee. Ila huko harusini usimruhusu mtu ainame achungulie."

"Kwa nini?"

"Ataona vitu vya kimaskini. Watasema Kiboko amevaa viraka vya Pimbi."

Kiboko akakunja uso. Akainama, akachungulia.

"Hiki nini?"

"Ndala, mzee. Nimezikata ziwe raba za springi."

"Toa. Na hiki?"

"Sabuni ya mche. Nimezibia tangi, lilikuwa linavuja."

"Toa. Na bodi?"

"Madebe ya mafuta ya kula. Nimeyanyoosha kwa nyundo."

"Toa. Na injini?"

"Ya mashine ya kusaga. Hata sasa inanuka pumba."

"Ninuke pumba mbele ya Nyati? Toa. Na fremu?"

"Vyuma vya kitanda cha marehemu bibi yangu."

Kiboko akaruka nyuma. "Kitanda cha marehemu? Toa, toa upesi."

Pimbi akafungua, akaweka kando. Akafungua, akaweka kando. Kufika adhuhuri, kilichobaki mbele ya Kiboko kilikuwa mlango.

"Huo ni wako halisi, mzee. Hata rangi sijaigusa."

Kiboko akajitwika mlango kichwani, akaondoka kwa maringo.

Pimbi akarudishia kila kitu mahali pake. Kesho yake akaenda harusini, brrrum, upande mmoja hauna mlango. Upepo ulimpiga vizuri.

Hadithi yangu imezima hapo, asiyeridhika aisukume. Na funzo lake ni hili: mkubwa asidhulumiwe. Kiboko alidai haki yake, akapewa yote, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani kwake. Akabisha hodi. Mkewe akafungua, akamtazama, akautazama mzigo, akasema:

"Karibu, baba watoto. Lakini mlango tunao."