Kishungi cha Kisogoni

Sogeeni, wajukuu zangu, na huyo anayetafuna muwa atafune polepole.

Zilikuwapo siku ambazo milima yetu haikuwa na mkubwa mmoja. Kila kilima kilikuwa na bwana wake, na mtu aliamka akapanda ulezi wake bila kuomba ruhusa. Nyanya yangu alipozisimulia siku hizo, sauti yake ililegea kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

Kisha Mfalme wa tambarare akapata nguvu. Akaamuru kila bwana wa kilima ashuke kwake akiwa amenyoa kichwa, alama kwamba sasa yuko chini yake. Wakashuka, mmoja mmoja. Shemhilu, bwana wa Mlugu, peke yake akakataa. Misimu mitatu alipigana, na askari wa Mfalme kazi yao ikawa kupanda mlima na kuushuka. Mwishowe wakamkamata binti yake, Hoza, akiteka maji mtoni. Mfalme akatuma neno: nywele zako, au mtoto wako.

Shemhilu akaketi mbele ya mama yake, Mboza, akampa wembe.

“Nyoa, mama. Nywele huota.”

Mboza akanyoa huku akisonya. Alipofika kisogoni, mkono ukasimama.

“Mbona umeacha?”

“Nyamaza wewe. Kule hakuna anayempa Mfalme kisogo. Mtu huingia kwa uso, hutoka kinyumenyume. Hapa nimewaachia watu wa Mlugu.”

Basi akashuka. Mfalme alipoona utosi unang'aa, alicheka hadi akashika mbavu. “Leo umependeza, bwana! Boga kabisa!” Akamrudishia Hoza.

Shemhilu akamshika mtoto mkono, akarudi kinyumenyume mpaka langoni, kwa heshima zote. Pale akageuka. Walinzi wakaona kishungi cheusi kikiondoka zake. Walipomaliza kubishana ni nani akamwambie Mfalme, baba na binti walikwisha kuingia msituni.

Alipigana mpaka akaota mvi. Alifia vitani, na Mlugu ikatawaliwa na wengine, siwezi kuwadanganya. Siku zile za ulezi bila ruhusa hazikurudi.

Lakini tangu hapo, mama wa kwetu akimnyoa mtoto wake, hubakiza kishungi kisogoni. Wageni hutuuliza kama wembe umeisha makali. Sisi hucheka tu, tukaendelea kumpaka mtoto mafuta.