Leso ya Mikinduni

Ilikuwa siku ya Alhamisi, mwezi kumi na nne wa Mfunguo Sita, saa kumi na nusu alasiri. Ninaitaja saa kwa sababu wengi huitaja vibaya. Wapo wanaosema ilikuwa Ijumaa. Haiwezekani, maana mwaka ule Maulidi yaliangukia Jumanne, na jambo hili lilitokea siku mbili baadaye, mikeka ya Maulidi ikiwa bado imeanikwa uani. Wapo wanaosema jua lilikuwa limekwisha kuzama. Hao nao wamekosea, kwa kuwa kilichotokea kilihitaji kuonekana kutoka ukingo mmoja wa mto hadi mwingine, na gizani kisingeonekana.

Nyinyi mnaokaa hapa ngazini jioni, mkinunua kashata na kuzisikiliza nyimbo zikivuka maji, mnaujua mji wa Lisungi kuwa mji wa wimbo mmoja wenye pande mbili. Zamani haukuwa hivyo. Zamani kila upande ulikuwa na wimbo wake, mwanzo na kiitikio, na kila upande uliufungia wimbo huo kama dhahabu ya bibi harusi. Upande huu wa Bomani palikuwa na chama cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Mawardi. Upande ule wa Mikinduni palikuwa na chama cha Kikuba. Mara moja kwa mwaka, majira ya baridi, maji yalipopungua na Fungu la Kati likajitokeza katikati ya mto, vyama vyote viwili vilishuka mchangani kushindana.

Laiti mngeliona fungu lile! Wauza kahawa walipanga mabuli yao juu ya mchanga, wazee wakachukua mbao zao za bao, na harufu ya asumini ilitangulia kabla ya ngoma yenyewe. Leo mchanga huo umechukuliwa na mkondo, na vijana hudhani tunausimulia kutoka ndotoni.

Sheria za mashindano zilikuwa mbili, na zote ziliapiwa. Wimbo mpya haukufunguliwa mpaka siku ya fungu. Na mwanachama hakuvuka kwenda upande wa pili tangu wimbo utungwe hadi ushindaniwe. Aliyevuka alihesabiwa kuwa ameuza.

Mwaka huo kiongozi wa nyimbo za Mawardi alikuwa Mwanamkuu, aliyezaliwa Mikinduni akaolewa Bomani. Mwanamke wa Lisungi huimba na upande linakochemka jungu lake, hivyo aliimba dhidi ya dada zake. Mama yake mzazi, Bi Mwanaiki, alibaki Mikinduni. Ndiye aliyemfundisha kuimba wakitwanga mpunga, na kila mwaka, siku ya mashindano, alibebwa hadi mchangani ili amsikie mwanawe. Hakujali nani alishinda.

Lakini mwaka huo mvua hazikukoma kwa wakati wake. Majira ya baridi yalikuja, maji yakakataa kushuka. Mashindano yaliahirishwa mwezi mmoja, kisha mwezi wa pili, na wimbo ukakaa kifuani mwa Mwanamkuu. Kutoka ng'ambo wanawake wa Kikuba walikuwa wakija kufua na kupiga kelele:

"Enyi Mawardi! Wimbo wenu mmeufukia mpaka umeota uyoga!"

"Na wenu mmeukalia mpaka umetoa vifaranga!" walijibiwa, na pande zote mbili zikacheka.

Siku ile ya Alhamisi, mvushaji Chande alipofikisha mtumbwi wake Bomani alimwita Mwanamkuu pembeni.

"Mwanangu, nimetoka kwa mama yako. Nimepiga hodi mpaka koo limekauka. Hakuitika hata nilipomgusa bega. Alishtuka tu, akacheka."

"Hasikii kabisa?"

"Jana alikuwa akinisikia nikipaza sauti. Leo anashika neno mojamoja tu, akinitazama mdomo. Anasema masikio yanajifunga kama duka. Ameniuliza fungu litatokea lini."

Mwanamkuu akaelewa kwamba akilisubiri fungu, mama yake atakuja kumtazama tu akifumbua mdomo. Akamwomba Chande amrudie Bi Mwanaiki na kumketisha ukingoni. Naye mwenyewe hakuvuka, maana kiapo cha kutovuka alitaka kukitunza. Kile cha kutoufungua wimbo aliamua kukivunja.

Alisimama pale zilipo ngazi hizi. Mto hapa umebanwa na majabali, si mpana. Akanyanyua leso yake juu ya kichwa, kama kiongozi afanyavyo kabla ya kuanza, akaimba:

*Nimekaa ng'ambo yako, sauti yangu mtumbwi.*

Aliuimba kwa madoido yote ya mashindano. Ng'ambo, Bi Mwanaiki aliyatazama maji tu. Nyuma ya Mwanamkuu wenziwe wa Mawardi walikuja mbio, na mbele yao Bi Shamsa, mkuu wa chama.

"Mwanamkuu! Umetuvua nguo mchana!"

"Mama yangu masikio yanafunga, Bi Shamsa. Nifukuzeni kesho."

Bi Shamsa akatazama ng'ambo, akamwona kikongwe juu ya kigoda. Kisha akawageukia wauza samaki na wapiga soga waliojaa ukingoni.

"Nyamazeni nyote! Na wewe, acha kutwanga hicho kisamvu!" Akamwambia Mwanamkuu, "Umekwisha kuuvunja. Basi uimbe usikike. Punguza hayo madoido, kwani unamwimbia bwana harusi?"

Mwanamkuu akarudia, polepole, bila pambo, kwa mwendo wa mchi uleule aliofundishwa nao. Sauti ikapita juu ya maji, ambako hakuna ukuta wa kuikata. Bi Mwanaiki akainua uso. Akaifungua leso kichwani mwake, akainyanyua juu, akaishikilia hivyo.

Wanawake wa Kikuba walikuwa wamesimama nyuma yake. Walikuwa wameupata wimbo wa wapinzani bure, na wangeweza kuondoka wakishangilia. Lakini Mikinduni hapajapata kuwa na wimbo ulioachwa bila kuitikiwa mbele ya mtu mzima. Bi Rehani, mkuu wao, hakukijua kiitikio cha Mawardi. Akakitunga papo hapo, na wenziwe wakakipokea:

*Mtumbwi umeshafika, shehena haikulowa.*

Waliimba hivyo mpaka adhana ya magharibi, upande mmoja ukianza na mwingine ukiitikia. Bi Mwanaiki hakuishusha leso. Bi Rehani alimshikia kiwiko. Kabla ya majira mengine ya baridi masikio ya Bi Mwanaiki yalikuwa yamefunga kabisa, lakini hakuuliza tena habari za fungu. Maji yaliposhuka vyama vilikutana, na waamuzi wakashindwa kuamua: kichwa cha wimbo kilikuwa cha Bomani, kiitikio cha Mikinduni, na hakuna upande uliokubali kuuimba wote peke yake.

Na tangu siku hiyo Lisungi haina mashindano. Wimbo huanzishwa ukingo mmoja na kuitikiwa ukingo wa pili, na kiongozi haingii ubeti unaofuata mpaka mwanamke mkongwe kuliko wote wa ng'ambo anyanyue leso yake.

Husemwa kwamba leso hiyo ni ishara kwa wapiga ngoma. Si kweli, wapiga ngoma wengi huupa mto mgongo. Husemwa pia kwamba ni amri ya serikali ya zamani, ili kuzuia ugomvi. Si kweli, hapakuwa na ugomvi, palikuwa na utani. Na wageni, wakiiona leso ikipanda, hudhani wanasalimiwa, wakapunga mikono. Hawasalimiwi. Kikongwe yule anamjibu mwenye kuimba, ambaye mara nyingi ni binti wa mtu wa upande wake: nimekusikia, endelea.