Mtungi wa Nne na Mwonjaji Aliyeshindwa kwa Hoja

"Kwa nini wanaoonja siku zote si wale wanaomenya?"

Niliuliza hivyo jana, nyuma ya jiko, mikono imegandwa na utomvu wa ndizi hadi kwenye viwiko. Mama alinisogezea mkungu mwingine. Shangazi alikohoa. Baba Mkubwa, aliyefika kutoka mjini na begi jepesi mno, alikuwa ameinamia mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, kata ya kuchotea mkononi, anaonja.

Leo amekaa palepale, na kata yake. Basi, kwa kuwa swali langu limekosa mwenyewe, nimeligeuza hadithi. Nyinyi mnaomenya, itikieni.

Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulieni!

Ina njaa!

— Ipeni ndizi!

Ndizi hazijamenywa!

— Simulia huku unamenya!

"Endelea, mwanangu," akasema Baba Mkubwa. "Tunakusikiliza."

Haya. Hapo kale, ila si kale sana maana chokaa ilishakuwepo, ukoo wa Pimbi uliishi kwenye mawe, juu kule mlimani, migomba ilikoishia. Pimbi mnamjua. Mdogo, mviringo kama kiazi, na anapiga kelele kuliko ukubwa wake. Huyu wa hadithi yetu alikuwa msichana, amerudi likizo kutoka chuoni, bingwa wa midahalo, na kikombe chake cha ushindi alikuwa akitembea nacho hata akienda kuteka maji.

— Ni wewe huyo!

Si mimi. Mimi nina shingo.

Desemba, kwa akina Pimbi, hakuna anayeketi. Huyu anapaka mawe chokaa, paka, paka, paka. Yule anafagia chini ya migomba, swaa, swaa, swaa. Kwaya inarudia wimbo uleule ambao sauti ya nne wameushindwa tangu mwaka juzi. Na Bibi Pimbi anapika mbege. Ndizi mbivu zichemke, zikae siku kadhaa zichachuke, ndipo uji wa kimea cha ulezi uingie. Mwaka ule alipika mitungi minne. Mitatu ya wageni. Wa nne aliufunika kwa jani la mgomba, akaufunga kamba mafundo mawili.

"Huu ni wa mdogo wangu," akasema. "Ameniletea salamu. Krismasi hii anakuja."

Wote wakageuka kumtazama. Bibi na mdogo wake walikuwa hawajasemeshana Krismasi tisa. Kisa, chungu cha mtori, ile supu ya ndizi, kilichoungua, na kila mmoja akaapa haikuwa zamu yake kukoroga. Na kwa akina Pimbi, waliogombana wakitaka kupatana hunywa kata moja, huyu akimaliza anampa yule. Bila mbege hakuna kupatana. Mgeni atasalimia, atageuza, atakwenda zake, na Bibi hakuwa na Krismasi nyingine tisa za kusubiri.

Tarehe ishirini na mbili akafika Nyani. Msiniulize undugu umetokea wapi. Desemba kila mwenye tumbo ni ndugu. Walimwita Mjomba. Mkono mrefu, mdomo mpana, begi jepesi.

— Begi jepesi!

Baba Mkubwa, karibu, si wewe.

Nyani akauliza, "Mbege imeonjwa?"

"Bado, Mjomba."

"Haa! Mnataka kuwapa wageni kitu ambacho hakijaonjwa?"

Akashika kata. Gudu-gudu-gudu, aaah!

"Mtungi huu sijauelewa. Ngoja nirudie."

Gudu-gudu-gudu, aaah!

Pimbi akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akakohoa, akanyoosha kidole. "Mheshimiwa Mwenyekiti! Nasimama kupinga! Hoja ya kwanza: kuonja ni kazi ya ulimi, si ya tumbo!"

"Endelea, mpwa wangu. Nakusikiliza." Gudu-gudu.

"Hoja ya pili: mwonjaji anayerudia si mwonjaji tena, ni mnywaji!"

"Aisee, binti huyu kasoma!" Gudu-gudu-gudu.

"Kwa kuhitimisha, Mheshimiwa Mwenyekiti…"

Ko! Kata ikagonga chini ya mtungi. Nyani akafuta mdomo, akapiga makofi. "Umenishinda, mpwa wangu. Sina la kujibu." Akajilaza.

Pimbi akashangilia! Akazunguka mawe yote, chokaa ikiwa mbichi, akiwaambia majirani: nimemshinda, hakuwa na la kujibu! Bibi akachungulia ndani ya mtungi, akamtazama mjukuu wake, akarudi kukoroga.

Tarehe ishirini na tatu, mtungi wa pili. Pimbi akaja na hoja tano na mifano ya nchi za nje. Gudu-gudu-gudu, aaah! Mtungi uliisha kwenye hoja ya nne. Ya tano aliitoa tu ili isioze.

"Umenishinda tena!" akasema Nyani.

Tarehe ishirini na nne, mtungi wa tatu. Pimbi akaja na karatasi. Akanukuu katiba ya ukoo, ambayo haipo. Gudu-gudu-gudu, aaah! Ko!

"Binti huyu atakuwa wakili," akasema Nyani. Kisha jicho lake likatua kwenye jani la mgomba. "Na ule wa kamba, kesho tutauonja."

Pimbi akavuta pumzi aanze. Bibi akamshika mkono.

"Mjukuu wangu, umemshinda mara tatu. Nakuomba kesho usimshinde."

Hapo ndipo kichwa cha bingwa kilipofanya kazi kwa mara ya kwanza tangu afike likizo. Akajiuliza: kila nilipokuwa naongea, mdomo wa Mjomba ulikuwa wapi? Kwenye kata. Na mdomo anao mmoja. Ukijaa maneno, mbege itapita wapi?

Siku ya Krismasi, watu wametoka kanisani, Nyani akaja na kata yake. Pimbi akapiga goti.

"Shikamoo, Mjomba. Tumekaa kikao. Tumekuteua mgeni rasmi."

Kifua cha Nyani kikapanda. "Mgeni rasmi? Mimi?"

"Wewe. Ila utaratibu unaujua, Mjomba. Mgeni rasmi hanywi kabla ya hotuba. Na hotuba inaanza na utambulisho. Wote, mmoja mmoja."

"Wote hawa?"

"Ukimruka mmoja atanuna mpaka Pasaka."

Nyani akaitazama kata. Akautazama mkutano. Akaitazama kata. "Nishikie," akasema, akapanda juu ya kinu, akaupa mtungi mgongo.

"Itifaki imezingatiwa! Kwanza kabisa, kabla sijaanza kuanza…"

Akatambulisha mashangazi. Akatambulisha kwaya, sauti kwa sauti. Akamtambulisha mtu aliyekuwa anapita njia tu. Wakati huohuo, kule nyuma, mdogo wake Bibi akaingia polepole na fimbo yake. Bibi akafungua fundo la kwanza. Akafungua la pili. Akachota, akanywa, akamnyooshea mdogo wake. Kata ikabaki hewani, haijapokelewa.

"Na kwa kumalizia…" akasema Nyani, akaanza kugeuka.

"Mjomba!" akalia Pimbi kutoka mbele ya mkutano. "Hujatueleza ulivyoanza maisha mjini!"

"Ah, kweli!" Akageuka tena. "Nilifika na suruali moja! Si kama hawa wasichana wa siku hizi. Wasichana wakisoma sana, Krismasi inaharibika. Hata kumenya ndizi hawajui!"

Jamani! Pimbi alikuwa na hoja saba, na kila hoja ina vipengele. Masikio yakawaka moto. Mdomo ukafunguka. Lakini akijibu neno moja tu, hotuba itakatika, Nyani atageukia kata yake, na atauona mtungi. Pimbi akanyakua ndizi mbichi, na ganda lake, na utomvu wake, akaisukuma yote mdomoni. Nyam! Machozi yakamtoka. Akapiga makofi.

Na kule nyuma mdogo mtu akapokea kata, akanywa, akasema, "Dada, zamu ilikuwa yangu. Nilisinzia."

"Najua," akasema Bibi. "Nilikuona, nikaacha kiungue."

Wakacheka mpaka wakashikana. Kisha, Nyani akiwa amefumba macho kwa utamu wa hotuba yake, kata ikazunguka: mashangazi, kwaya, hata yule mpita njia.

"Asanteni kwa kunisikiliza!" akasema Nyani, sauti imekauka. "Kata!"

Pimbi akampa. Nyani akachota. Ko!

"Mbona mtupu?"

"Tumeuonja, Mjomba," akasema Pimbi, meno yamegandana kwa utomvu. "Hatukuuelewa. Tukarudia."

Hadithi imeshiba!

— Isindikizeni!

Inaaga!

— Ifungashieni ndizi!

Na funzo lake, nyinyi mnaopenda mafunzo, ni hili: mtoto wa kike asijibizane na wakubwa. Anyamaze, ale ndizi na ganda lake, na dunia itanyooka yenyewe. Mimi nimelishika sana funzo hili, ndiyo maana tangu niianze hadithi hii sijafunga mdomo hata…

Ko!

Baba Mkubwa, naomba hiyo kata.